Waya wa Bi Adelina

Siku ya nne baada ya kumzika mama yake, Kemilembe alirudi kazini kwenye chumba cha vipimo na kuukuta waya wa moyo wa marehemu unamsubiri mezani.

Ulikuwa ndani ya kichupa, umeshaoshwa, umeviringwa kama uzi wa cherehani. Karatasi iliyobandikwa ubavuni ilikuwa na mwandiko wa Daktari Novatus: Adelina, miaka 81, nimonia. Chini yake kulikuwa na mstari mtupu ambao Kemilembe peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuujaza. Platini, au paladi.

Sheria ya Marejesho haikumwonea mtu haya. Kila aliyefariki mjini Rwamisha akiwa na waya, waya ulitolewa kabla ya mazishi, kwa sababu palikuwa na aliye hai anayeuhitaji.

Alivaa glavu. Akaunyoosha waya, akauweka kwenye mizani, kisha akaupima tena ukiwa unaning'inia ndani ya maji. Kwa macho, platini na paladi ni mapacha: zote nyeupe, zote hazishiki kutu, zote zinang'aa mwanga ule ule wa baridi. Lakini ukizipima kwa ujazo sawa, platini inakaribia kuwa na uzito wa paladi mara mbili. Namba ilipotokea, Kemilembe hakushangaa. Mama yake alikuwa miongoni mwa watu arobaini wa mwanzo.

Hata hivyo alifanya kipimo cha pili, kama alivyofanya kila mara. Alikata ncha ndogo kama punje ya ulezi na kuidondoshea tindikali ya naitriki yenye moto. Paladi ingeanza kuyeyuka na kuifanya tindikali iwe ya rangi ya chai. Alisubiri robo saa. Tindikali ilibaki vile vile, na ncha ilibaki vile vile.

Alichukua kalamu ajaze mstari, na mkono haukushuka.

*

Rwamisha ilikuwa na watu elfu sita, na kati yao mia mbili na hamsini waliishi kwa sababu ya waya. Homa ya mapigo ilikuwa imepita milimani na kuacha mioyo mivivu, mioyo inayosahau kudunda. Kifaa kidogo kilichopandikizwa chini ya mfupa wa mtulinga kilitoa umeme kidogo kila moyo uliposahau, na waya ndio ulioufikisha umeme huo ndani. Nyaya arobaini za mwanzo zilikuwa za platini. Kisha migodi ya kusini ikafurika, barabara ikafungwa, na wagonjwa wakawa bado wanalazwa wawili wawili kitandani. Baraza la mji likamwita Kemilembe na kumuuliza swali moja: paladi haiwezi?

Paladi ilikuwepo kwenye mtambo wa gesi. Ina tabia ambayo platini haina: inainywa haidrojeni kama udongo mkavu unavyokunywa mvua, mara mia tisa ya ujazo wake, kisha inaitoa upande wa pili ikiwa safi. Tando nyembamba za paladi ndizo zilizochuja gesi yote iliyowapa umeme. Kemilembe alichukua waya wa paladi, akautumbukiza kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, akauacha siku tisini. Ulitoka unang'aa. Aliandika, "Inafaa," akatia saini.

Zaidi ya watu mia mbili walinusurika kwa saini ile. Mmoja wao alikuwa Kokusima, mwanawe wa pekee, wakati huo ana miaka kumi na mitatu.

Jambo ambalo hakulijaribu ni umeme. Ndani ya mwili, pigo baada ya pigo, mwaka baada ya mwaka, umeme na chumvi ya damu vilikuwa vinaila paladi. Platini ikiwekwa pale pale haijali. Mwaka wa tisa nyaya za paladi zilianza kufika mezani kwake zikiwa na vishimo, nyembamba pale zilipopaswa kuwa nene. Na mwili uliokwisha kuishi na paladi haukuipokea ya pili. Wagonjwa wawili walijaribiwa kuwekewa nyaya mpya za paladi, na vidonda vyao havikufunga. Wote wawili walizikwa mwaka ule ule.

Ikabaki platini ya wale arobaini. Kila mmoja wao alipofariki, waya wake ulimwendea mtu wa kwanza kwenye orodha ya Daktari Novatus. Orodha ile ilibandikwa ukutani, kila mtu aisome. Wa kwanza alikuwa Generoza, fundi wa tando za mtambo. Kokusima alikuwa wa kumi na moja.

Wiki mbili kabla ya msiba, Koku alikuwa ameanguka darasani akifundisha watoto hesabu. Aliamka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akamaliza somo. Watoto ndio waliokuja kumwambia mama yake.

Kemilembe aliangalia mstari mtupu mpaka wino ukaanza kukauka kwenye ncha ya kalamu. Halafu akaandika: Paladi.

*

Sasa ilimlazimu awe na waya wa paladi wa kuonyesha. Kwenye droo ya chini palikuwa na mmoja uliobaki tangu miaka ile, haujawahi kuingia mwilini mwa mtu. Aliupitisha kwenye moto, akaukunja, akauchafua kwa jivu, akautia kwenye kichupa cha mama yake. Waya wa platini aliufunga kwenye leso na kuuweka kifuani.

Generoza alikuja saa sita mchana, kama alivyokuja kila Alhamisi, kuchukua paladi iliyorejea ili aiyeyushe na kuziba tando zilizopasuka. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na tisa, mwenye makovu ya moto mikononi na sauti ya kuimba kanisani. Siku hizi alipanda ngazi sita akipumzika mara mbili.

"Pole tena, Mama Koku," alisema, akaketi bila kukaribishwa. "Nilitaka kuja kulala msibani, mume wangu Projestus akanikatalia. Anasema nitakuwa msiba wa pili."

"Asante dada. Nilisikia ulituma ndizi."

"Ndizi si kitu." Alivuta pumzi. "Na Bi Adelina? Waya wake?"

Kemilembe alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi, na bado lilimkata.

"Paladi," alisema.

"Eh! Mimi nilidhani yeye ni wa wale wa mwanzo."

"Sote tulidhani hivyo. Yaelekea walichanganya wakati ule. Watu walikuwa wengi, unakumbuka."

"Nakumbuka." Generoza alikipokea kichupa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakitia mfukoni pamoja na vingine. "Basi. Aliishi miaka mingi kwa paladi, Mungu alimpenda. Na mimi labda atanipenda."

Alicheka kidogo. Kemilembe naye alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshika mkono kushuka ngazi.

*

Kumshawishi Koku hakukuhitaji maneno mengi, na hilo ndilo lililomuumiza Kemilembe zaidi. Alimwambia kuna njia mpya ya kuisafisha paladi, kwamba huenda safari hii mwili ukaikubali, kwamba anatafutwa mtu wa kujaribiwa.

"Wawili walikufa," alisema Koku.

"Ndiyo."

"Na akijaribiwa wa tatu akapona, wengine wote watapata?"

Kemilembe alitikisa kichwa kukubali.

"Basi nijaribuni mimi. Wale wengine wana watoto." Alikuwa anakatakata mchicha, na kisu hakikusita. "Mama usilie. Si wewe uliyeniambia huenda mwili ukaikubali?"

Asubuhi ya upasuaji Daktari Novatus aliupokea waya kwa koleo, akauweka kiganjani mwake ndani ya glavu. Alikaa nao hapo. Alikuwa ameshapandikiza nyaya zaidi ya mia tatu maishani mwake, na uzito wa platini haujifichi kwenye mkono wa mtu aliyewahi kuushika.

"Hii ni paladi," alisema polepole.

"Ndivyo nilivyoandika, Daktari."

Alimtazama Kemilembe juu ya barakoa. Macho yake yalikuwa mekundu ya uchovu. Ndani ya chumba Koku alikuwa ameshalala usingizi wa dawa, nywele zimefunikwa, mdogo kuliko umri wake.

"Mimi ndiye niliyempokea huyu alipozaliwa," alisema daktari, kama mtu anayejisemea. Akaingia, mlango ukafungwa.

Koku alipona. Kidonda kilifunga siku ya tisa. Mwezi wa pili baada ya upasuaji alikuwa anapanda kilima cha shule akiongea.

*

Generoza alifariki mwezi wa nne, akiwa kazini. Alikuwa ameinama juu ya utando mpya, akiupasha joto taratibu kabla ya kuufungulia gesi, kwa maana paladi ikinyweshwa haidrojeni ikiwa baridi huvimba na kupasuka. Walimkuta amejiegemeza kwenye bomba. Alikuwa amezima moto kwanza.

Waya wake ulifika mezani baada ya siku mbili. Kemilembe aliutazama kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa umelika vibaya, una mashimo kama mfupa mkavu, na mahali pamoja ulikuwa umebakiwa na unene wa unywele. Aliupima hewani, akaupima majini, akaandika Paladi, na safari hii lilikuwa neno la kweli.

Huenda angenyamaza maisha yake yote. Watu wengi hunyamaza. Lakini wiki iliyofuata Daktari Novatus alikuja chumba cha vipimo, akafunga mlango nyuma yake na kubaki amesimama.

"Kuna watu kumi na wanane nje ya ofisi yangu," alisema. "Wanataka alichopewa Koku. Wanasema, mbona binti wa Kemilembe ana paladi ya pili na anapanda mlima? Wanasema tunawaficha njia."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia wasubiri. Nitawaambia wasubiri mpaka lini? Baraza limeniandikia barua. Jumatatu nianze na watano. Nikiwapasua, nitawaua. Nisipowapasua, lazima niseme kwa nini. Nami siwezi kusema kabla yako."

Nje, mtu alikuwa anapita anapiga mluzi.

"Nipe mpaka kesho," alisema Kemilembe. "Kuna mtu lazima asikie kutoka kwangu kwanza."

*

Projestus, mume wa Generoza, alikuwa uani anapasua kuni. Alikuwa mzee mwembamba, mtengenezaji wa mizinga ya nyuki, na mbao za mizinga zilikuwa zimeegemezwa ukutani, hazijaguswa tangu mazishi. Alimwona Kemilembe akaweka shoka chini.

"Karibu, shemeji."

"Asante. Sijaja kukaa."

"Mtu haji kwangu asikae." Akamsogezea kigoda.

Alikaa. Akaanza kusema, na kwa kuwa alijua akisita hataendelea, alisema yote kwa mfululizo: mizani, tindikali, mstari mtupu, neno aliloliandika, waya wa droo, leso. Alisema, "Ulikuwa wa Generoza. Nilimnyang'anya nikampa mwanangu." Alisema, "Kesho nitasimama mbele ya baraza."

Projestus alikuwa ameshika kipande cha ukuni. Alikibandua ganda polepole, lote, mpaka kikabaki cheupe.

"Alijua," alisema.

Kemilembe aliinua kichwa.

"Jioni ya siku ile alikuja na waya ule hapa nyumbani. Akanionyesha kwa kioo chake cha kazi. Akaniambia, 'Tazama, Baba, huu haujawahi kukaa ndani ya mtu. Hauna hata kishimo kimoja.' Miaka kumi na saba alishika paladi kila siku, ungemdanganya wewe?" Alitupa ganda. "Na aliposikia kwamba Koku anapelekwa hospitali, akasema, 'Wa Bi Adelina ulikuwa platini, na ndio anaowekewa Koku.' Alijua yote kabla binti yako hajapasuliwa."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimwambia aende kwa baraza. Nilimwambia usiku kucha. Nikamwambia nitakwenda mimi. Akanishika hapa." Projestus aligusa kola ya shati lake. "Akasema, 'Mimi nina hamsini na tisa. Nimezaa, nimezika, nimeimba. Yule mtoto hajaanza. Ukienda, Projestus, sitakula tena chakula chako.' Basi sikwenda."

Kuku walipita kati yao wakichakura.

"Usidhani nakwambia upumue," alisema mzee. "Yeye alikusamehe, hayo ni yake na Mungu wake. Mimi sijaweza. Nimejaribu. Na unajua ni kitu gani kinachonishinda?" Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Ungemwomba. Ungekuja hapa, ukakaa hapo ulipokaa, ukasema, 'Dada Generoza, mwanangu anakufa, niachie waya.' Angekupa. Angekupa kabla hujamaliza kusema. Wewe na yeye mngekuwa mmeugawana uzito huo. Badala yake alikufa akijua kwamba rafiki yake alimwona ni mtu wa kuibiwa."

Aliinama akaokota shoka.

"Kaseme kwa baraza," alisema. "Wale watu wasikatwe bure. Sasa niache, shemeji, nimalize kuni."

*

Jioni ile Kemilembe alimwambia Koku yote. Alimwambia wakiwa mezani, mikono yake miwili juu ya kitambaa, asiweze kuificha. Koku hakupiga kelele. Alichouliza kilikuwa kimoja: "Kwa hiyo mimi sikuwa wa tatu?"

"Hukuwa."

"Nilidhani nimewafungulia njia." Akaamka, akaingia chumbani kwake.

Asubuhi Kemilembe alisimama mbele ya baraza na mbele ya wale kumi na wanane. Mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alikaa chini sakafuni aliposikia kwamba njia aliyoitumaini haipo. Hapakuwa na aliyemtukana Kemilembe. Matusi yangekuwa nafuu. Walimwondoa chumba cha vipimo siku ile ile, na kuanzia hapo kila waya ulipimwa na watu wawili wasio ndugu. Daktari Novatus alisimama mwenyewe akasema alijua. Walimwacha kazini kwa sababu hapakuwa na mwingine, na tangu siku hiyo alizeeka haraka. Tando tatu za mtambo zilipasuka mwezi ule, mikono ya Generoza ikiwa haipo kuzipasha joto.

Koku alikuwa amesikiliza yote akiwa nyuma ya ukumbi. Watu walipotawanyika walimpisha njia, kila mmoja akimtazama kifuani, na yeye akapita katikati yao akiwa amenyoosha shingo. Hakurudi nyumbani. Kemilembe alimwona kwa mbali akishika kijia cha kwa Projestus, na hakuthubutu kumfuata.

Alikaa kizingitini akisubiri. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Saa kumi Koku alirudi, viatu vimejaa vumbi la mbao, akakaa kizingitini pia, lakini si karibu.

Kemilembe alisubiri mpaka akashindwa. "Amekwambia nini?"

Koku alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia," alisema. "Sikuyasema. Alinifungulia mlango, akanitazama, akaniuliza kama nimekula."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, akalia.